Udhibiti wa Flashi

Udhibiti wa flashi ni utaratibu wa kuruhusu, kuwekea mipaka au kuzuia matumizi ya vifaa vya kuhifadhia data vinavyochomekwa kwenye kompyuta na kuchomolewa, zikiwemo flashi, diski za nje na kadi za kumbukumbu. Hulenga kuzuia virusi visiingie na faili zisitoke bila idhini.

Katika Windows, njia ya zamani ni kubadilisha thamani ya Start chini ya USBSTOR kwenye sajili ya mfumo kutoka 3 kuwa 4. Flashi haitasomwa, ilhali kibodi na kipanya vya USB huendelea kufanya kazi. Tangu Windows XP SP2 (2004) flashi inaweza pia kuachwa isomwe tu bila kuandikwa. Windows Vista ikaongeza sera zinazotenganisha kusoma na kuandika. BitLocker To Go, iliyokuja na Windows 7 mwaka 2009, hufunga data ya flashi yenyewe kwa nenosiri.

Mwaka 2008 programu hasidi agent.btz ilienea kwa flashi katika mitandao ya jeshi la Marekani, na Wizara ya Ulinzi ikapiga marufuku vifaa hivyo kwa muda. Programu hasidi nyingine, Stuxnet, iliyogunduliwa 2010, ilionyesha kuwa kuzima uendeshaji wa moja kwa moja wa programu zilizo kwenye flashi pekee hakutoshi: kufungua folda ya flashi kulitosha kuambukiza.

Kizuizi cha USBSTOR hakigusi simu zinazounganishwa kwa itifaki ya kuhamisha faili ya MTP, na mtumiaji mwenye haki za msimamizi anaweza kukiondoa.