Mawe ya Reli na Mabega ya Wanyamwezi

Huko Ulaya na Marekani wako watu wazima, wenye kazi zao na wajukuu wao, ambao siku za mapumziko hujenga reli ndogo bustanini. Treni yenyewe haifiki hata goti, lakini daraja lake sharti lionekane la mawe ya kweli. Basi huchonga zege kwa msumari, hulipaka matope, hulipandia na kuvu. Mtu anaweza kuuona kuwa ni mchezo wa wenye nafasi. Mimi naona watu hawa wana tabia moja ambayo sisi tunaopanda treni ya Tabora hatuna, nayo ni ya kutazama kilicho chini ya reli.

Mjenzi wa kidaraja cha bustanini akipanga mawe yote kwa ukubwa mmoja, kazi yake humsuta papo hapo. Fundi mwashi wa kweli huweka makubwa chini, na haachi kiungo kiangukie juu ya kiungo. Tao ndilo lenye heshima zaidi. Hupigwa kwanza mbao zenye umbo la upinde, kisha mawe yaliyochongwa mfano wa kabari hupangwa juu yake kutoka pande mbili mpaka yakutane katikati. Jiwe la mwisho likishakaa na chokaa kushika, mbao huondolewa. Tangu hapo uzito wenyewe ndio unaolishika tao, kila jiwe likimsukuma jirani yake hadi nguvu yote imeshukia kingoni. Asiyejua hilo hujenga tao lisilosukuma popote, likabaki pambo.

Sasa tuje kwetu. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma 1914; kwa jumla kama kilomita 1,250. Kampuni ya ujenzi ilikuwa Philipp Holzmann ya Ujerumani, na miongoni mwa waliopewa vipande vya kazi walikuwamo Wagiriki. Mataruma yaliwekwa ya chuma, maana mchwa wa huku hawachezi na mbao. Nchi ya kati, kama ajuavyo kila aliyeipita, ni nchi ya matale. Mwamba wa itale haukubali kuchimbwa kama udongo. Hupigwa baruti, au huwashiwa moto mkali mpaka upasuke, kazi ambayo wapasua kokoto wetu wanaifanya hata leo.

Nani alibeba mawe hayo? Hapa ndipo hadithi inaponigusa. Kabla ya reli, Wanyamwezi ndio waliokuwa reli. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, za pembe au za nguo, kati ya Unyanyembe na Bagamoyo, safari ya karibu miezi mitatu. Mwaka 1871 hata Stanley, aliyekuwa na haraka zake, alitumia muda kama huo kufika Tabora. Upagazi ulikuwa kazi yenye sifa; kijana aliyekwisha kuiona pwani alirudi kwao mtu mwingine. Walikuwapo pia waliopita njia hiyo wakiwa na minyororo shingoni, nao tusiwachanganye na wapagazi wa ujira.

Wajerumani walipotaka vibarua wa reli, waliwageukia watu hao hao waliozoea kutoka kwao na kukaa mbali miezi mingi. Maelfu ya Wanyamwezi na Wasukuma wakashika sururu na karai, wakajaza tuta, wakainua nguzo za madaraja. Kwa mikono yao wakajenga kitu kilichoiua kazi ya baba zao, kwani behewa moja lilibeba mizigo ya mamia ya wapagazi, na kwa siku chache tu. Jina la kampuni limo vitabuni. La mpasua jiwe wa Unyanyembe silioni popote.

Vita vikaja. Mwaka 1916 Wajerumani, wakirudi nyuma, walilipua madaraja kwa makumi katika reli ileile waliyoimaliza miaka miwili tu nyuma. Waingereza wakayaziba mapengo kwa magogo, na kwa muda wakapitisha motokaa zilizofungwa magurudumu ya reli. Tabora ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huo. Adui mwingine hajaondoka bado: maji. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliichukua njia kati ya Kilosa na Dodoma, na treni zikasimama kwa miezi. Kalvati likiziba kwa mchanga na magogo, jiwe zuri kiasi gani halitasaidia kitu.

Leo inajengwa reli mpya ya kisasa. Treni zake zimekuwa zikifika Dodoma tangu 2024, na vipande vya kuelekea Tabora na Kigoma vimo kazini. Naifurahia. Lakini reli mpya ikija, ya zamani hupungukiwa na macho ya kuitazama, na jiwe la kuchonga ni msingi mzuri wa nyumba ya mtu. Njia ya misafara imo tangu 2006 katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa UNESCO, ikitajwa Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Ni jambo jema. Kazi ya mawe ya reli, ambayo ni sura ya mwisho ya habari hiyohiyo, nayo inafaa ipimwe na kupigwa picha, daraja kwa daraja, wakati wazee waliosikia habari zake kwa babu zao wangalipo.

Na shule za Tabora, kwa nini zisiige wale wazee wa bustanini? Wanafunzi wakaombe ruhusa ya stesheni, wapime kalvati moja kwa futi kamba, wahesabu mawe yake, kisha wajenge mfano wake kando ya uwanja wa shule, wenye tao linalosukuma kweli. Vipande vya matale vimejaa kandokando ya mji. Kitakachogharimu ni chokaa, na mbao za kushikilia tao mpaka likauke.