Akiba Isiyooza

Baba alivuta sigara kwa miaka 30, na kila nilipomsihi aache alinijibu kwa swali: "Mbona mimi mzima, mwanangu?" Sikuwa na jibu. Nililipata chuoni, kwenye somo la baiokemia, na lilianzia kwenye figo ya farasi.

Mwaka 1957, Marvin Margoshes na Bert Vallee, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, walitangaza kwamba wamekuta protini yenye kadimiamu ndani ya figo ya farasi. Lilikuwa jambo la ajabu. Kadimiamu ni sumu, na mwili wa mnyama hauna kazi nayo inayojulikana. Mwaka 1960 Jeremias Kägi na Vallee waliipa protini hiyo jina: metalothionini, kwa sababu imejaa metali na salfa.

Ni protini ndogo, yenye asidi amino 60 na ushee. Kati ya hizo, 20 ni sisteini, na kila sisteini ina salfa inayoshikana na metali kwa nguvu. Molekuli moja hukamata atomi saba za zinki au kadimiamu na kuzikunjia ndani, kama bibi anavyofunga sarafu kwenye pindo la kanga. Sumu ikiingia, seli hutengeneza metalothionini zaidi. Katika miaka ya 1990, panya walioondolewa jeni zake waliumwa ini kwa kiasi cha kadimiamu ambacho wenzao walikistahimili.

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya mlinzi. Lakini kitabu kilinipeleka Japani.

Wakulima wa bonde la mto Jinzu, mkoani Toyama, walimwagilia mpunga kwa maji yaliyotoka upande wa mgodi wa Kamioka, uliotoa zinki na risasi. Kadimiamu, ambayo ardhini huandamana na zinki, iliingia mtoni, ikafika mashambani, ikaishia kwenye bakuli za wali. Walioumia zaidi walikuwa wanawake wa makamo na wazee, wengi wao waliozaa watoto kadhaa. Mifupa yao ililainika hadi kikohozi kikaweza kuvunja ubavu. Walilia "itai, itai", yaani "inauma, inauma", na kilio hicho kikawa jina la ugonjwa. Daktari wa hapohapo, Hagino Noboru, aliunyooshea mgodi kidole na akapingwa kwa miaka mingi. Serikali ilikubali mwaka 1968 kwamba chanzo kilikuwa kadimiamu ya mgodini. Mwaka 1972 wagonjwa na familia zao wakashinda kesi hadi kwenye rufaa.

Mlinzi alikuwa wapi? Alikuwa kazini. Metalothionini haiitupi kadimiamu nje. Inaifunga na kuitunza, hasa kwenye ini na figo. Nusu tu ya iliyomo kwenye figo huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Siku inayoingia inapozidi uwezo wa kuifunga, mirija midogo ya figo huharibika, fosfeti na kalsiamu hupotelea kwenye mkojo, na deni hulipwa na mifupa. Wanawake wa Jinzu walionekana wazima kwa miaka yote ambayo ghala lilikuwa likijaa. Wahenga walisema akiba haiozi. Nadhani hawakuwa wakiwaza akiba ya namna hii.

Tumbaku nayo hufyonza kadimiamu kutoka udongoni na kuihifadhi kwenye majani. Mwilini mwa mvutaji huwa na karibu mara mbili ya ile ya asiyevuta. Likizo ilipofika nilimweleza baba yote, tumekaa barazani, pakiti ikiwa katikati yetu.

"Kwa hiyo huu uzima wangu ni wa mkopo?"

"Ndiyo, baba."

Alifikiri kidogo. "Na yule farasi, naye alikuwa anavuta?"

"Alikula majani tu, baba. Miaka mingi."

Alicheka, akawasha nyingine. Sikusema tena. Miezi mitano baadaye mama alinipigia simu kunong'ona kwamba mzee ameacha, na nisijifanye ninajua. Kadimiamu ya ile miaka 30 ingalimo, imefungwa pindoni, na mlinzi wake hajaenda likizo. Angalau haletewi tena mzigo mpya kila baada ya chai.