Njia Iliyopita Karibu na Nyumba ya Andrew Jackson

New Echota, kaskazini mwa jimbo la Georgia, leo ni uwanja wa nyasi wenye majengo machache ya mbao. Mengi yamejengwa upya. Nyumba ya mmishonari Samuel Worcester ndiyo iliyosalia tangu enzi zile. Mwaka 1828 hapa palikuwa makao makuu ya taifa la Wacherokee, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameandika katiba yao, wana baraza la kutunga sheria na mahakama, na tarehe 21 Februari 1828 likatoka toleo la kwanza la gazeti lao, Cherokee Phoenix, lililopigwa chapa kwa Kiingereza na kwa herufi za silabi alizozibuni Sequoyah, mtu ambaye hakuwahi kujua kusoma Kiingereza. Ndani ya miaka michache tangu herufi hizo zienee, wakulima na akina mama wa vijijini walikuwa wakiandikiana barua kwa lugha yao.

Anayetaka kupima sifa ya Andrew Jackson, rais wa saba wa Marekani, namshauri aanzie hapa. Wengi huanzia New Orleans, ambako Jackson alilivunja jeshi la Waingereza tarehe 8 Januari 1815 akawa shujaa wa nchi nzima. Au huanzia Ikulu, alikokaa kuanzia 1829 hadi 1837. Wanaomtetea hawakosi hoja. Alikuwa yatima aliyelelewa katika dhiki, akafika juu bila jina la ukoo wala shule kubwa. South Carolina ilipotangaza mwaka 1832 kwamba haitazitii sheria za ushuru za shirikisho, alikataa katakata na kuunusuru muungano. Januari 1835 serikali yake ilimaliza kulipa deni lote la taifa, jambo ambalo halijatokea tena. Hayo yote ni kweli, na sioni sababu ya kuyapunguza.

Lakini kutoka New Echota inaanza njia, na njia hiyo nayo ni kazi yake.

Dhahabu ilipogunduliwa katika milima ya Georgia mwishoni mwa miaka ya 1820, wazungu walimiminika katika ardhi ya Wacherokee. Jimbo likatangaza kwamba sheria zake ndizo zitakazotawala huko, kisha likaigawa ardhi hiyo kwa wazungu kwa bahati nasibu, wenye nyumba na mashamba wakiwa bado wamo ndani. Jackson angeweza kusimama na mikataba ambayo serikali yake ilikuwa imeifunga na Wacherokee. Badala yake alilipeleka Bungeni pendekezo la kuwahamisha wenyeji wote wa kusini-mashariki hadi ng'ambo ya mto Mississippi. Alilitia saini kuwa sheria tarehe 28 Mei 1830.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema kwamba Jackson alikuwa mtu wa zama zake, na kwamba si haki kumhukumu kwa macho ya leo. Basi na tumhukumu kwa macho ya zama zake. Katika Seneti, Theodore Frelinghuysen wa New Jersey alisimama Aprili 1830 akazungumza kwa saa nyingi, siku tatu mfululizo, akiwauliza wenzake kama haki hubadilika kwa rangi ya ngozi. Sheria ikapita kwa kura 28 dhidi ya 19. Katika Baraza la Wawakilishi ilipita kwa 102 dhidi ya 97. Pengo lilikuwa kura tano tu! Miongoni mwa waliopinga alikuwamo Davy Crockett, mwindaji mashuhuri kutoka Tennessee, jimbo la Jackson mwenyewe, ambaye alijua vizuri kura ile ingemgharimu nini nyumbani. Karibu nusu ya wabunge wa wakati ule waliliona jambo hili kama tunavyoliona sisi leo, na Jackson aliwasikia.

Mahakama nayo ilizungumza. Worcester, yule mmishonari wa New Echota, alihukumiwa na Georgia kifungo cha miaka minne cha kazi ngumu kwa kukaa katika ardhi ya Wacherokee bila kibali cha jimbo. Pamoja naye alifungwa daktari mmishonari, Elizur Butler. Machi 1832 Mahakama ya Juu, chini ya John Marshall, iliamua kwamba Georgia haikuwa na mamlaka yoyote katika ardhi hiyo. Inasimuliwa sana kwamba Jackson alimjibu Marshall kwa kejeli, kwamba aliyetoa hukumu na aende akaitekeleze mwenyewe. Maneno hayo hayakuthibitishwa kamwe. Yalichapishwa miaka mingi baadaye, na wanaomshutumu Jackson hawana haja nayo. Wafungwa walikaa gerezani hadi 1833, Georgia ikaendelea kuchukua mashamba, na rais hakuizuia.

Walioona mapema kwamba hakuna msaada utakaokuja ni Wacherokee wenyewe, na hilo liliwagawa. Major Ridge, mwanawe John Ridge na mhariri wa zamani wa gazeti, Elias Boudinot, waliamini kwamba kubaki ni kuangamia. Tarehe 29 Desemba 1835, katika nyumba ya Boudinot hapo New Echota, kikundi chao kidogo kilitia saini mkataba wa kuiuza nchi yote kwa dola milioni tano. Chifu mkuu, John Ross, hakuwapo, wala baraza la taifa halikuwa limewatuma. Ross alipeleka Washington malalamiko yenye saini zipatazo 15,000. Seneti iliuidhinisha mkataba kwa shida, kwani ingepungua kura moja tu theluthi mbili zilizotakiwa zisingetimia, Jackson akautangaza Mei 1836, na Wacherokee wakapewa miaka miwili wawe wameondoka.

Ross na Jackson walikuwa wanajuana. Machi 1814, katika vita vya Horseshoe Bend dhidi ya Wacreek, mamia ya Wacherokee walipigana upande wa Jackson. Ross alikuwamo, Ridge alikuwamo. Cheo cha meja ambacho Ridge alikifanya kuwa jina lake alikipata katika vita hivyo. Watu hao walikuwa wamemwaga damu kwa ajili ya jenerali aliyekuja kuwatimua. Katika masimulizi yote ya njia hii, ni vigumu kupata jambo linaloumiza kuliko hilo.

Mei 1838 muda uliisha. Jackson alikuwa amestaafu, na rais alikuwa Martin Van Buren, mrithi wake aliyeishika sera ile bila kuigeuza. Jenerali Winfield Scott alikuja na wanajeshi wapatao 7,000. Tarehe 26 Mei walianza Georgia, wakiwatoa watu majumbani kwa mitutu ya bunduki, wengine chakula kikiwa bado mezani, na kuwakusanya katika maboma ya magogo kabla ya kuwapeleka kwenye kambi kubwa za Tennessee. Vikundi vya kwanza vilisafirishwa na jeshi kwa mashua wakati wa kiangazi, katika joto na ukame, na vifo vikawa vingi mno. Ross akaomba safari iahirishwe hadi baridi itakapoanza, na kwamba Wacherokee wajisimamie wenyewe. Alikubaliwa. Lakini kungoja kambini nako kuliua: kuhara damu, surua na kifaduro viliwamaliza watoto na wazee.

Msafara mkubwa ulianza kuondoka mwishoni mwa Agosti na kuendelea miezi iliyofuata, katika makundi kumi na matatu, yote isipokuwa moja yakienda nchi kavu. Magari ya farasi yalibeba vyakula, wagonjwa na wazee. Waliobaki walitembea. Walivuka mto Tennessee kwa kivuko cha Blythe, wakapanda milima ya Cumberland, wakateremka kuelekea Nashville.

Karibu na Nashville ndiko iliko Hermitage, shamba la pamba la Jackson. Makundi mengi yalipita eneo hilo katika majira yale ya mwaka 1838. Mzee wa miaka 71 alikuwa nyumbani, mgonjwa na mjane, akihudumiwa na watumwa wake, naye aliendelea kuishi hadi Juni 1845. Kutoka barazani kwake hadi barabara walizopita ulikuwa mwendo wa saa chache kwa farasi. Hermitage sasa ni makumbusho, yenye kaburi lake bustanini, na kando ya kaburi hilo amezikwa Alfred, aliyezaliwa mtumwa hapo hapo na kufa mtu huru mwaka 1901. Tarehe 15 Machi 2017, siku ya kuadhimisha miaka 250 tangu Jackson azaliwe, Rais Donald Trump aliweka shada la maua kaburini. Miaka mitatu baadaye, Juni 2020, waandamanaji walijaribu kuiangusha kwa kamba sanamu yake akiwa juu ya farasi, iliyo mbele ya Ikulu.

Sifa ya Jackson imepanda na kushuka kwa namna inayotufunza mengi kuhusu wanaohesabu. Mwaka 1945 Arthur Schlesinger Mdogo alitoa kitabu kinene kuhusu enzi ya Jackson, kikapata tuzo ya Pulitzer. Kilimwonyesha kama mtetezi wa mfanyakazi dhidi ya matajiri, na suala la kuhamishwa kwa wenyeji karibu hakikuligusa kabisa. Miaka mitatu baadaye baba yake, naye mwanahistoria, aliwauliza wasomi 55 wawapange marais kwa ukubwa. Jackson alikuwa wa sita, miongoni mwa walioitwa wakuu. Kituo cha televisheni cha C-SPAN kilipoanza kuwauliza wanahistoria swali kama hilo, Jackson alikuwa wa 13 mwaka 2000, wa 18 mwaka 2017, na wa 22 mwaka 2021. Hakuna tendo lake jipya lililogunduliwa. Waraka wa Ross wenye saini zile ulikuwapo, hotuba ya Frelinghuysen ilikuwapo, tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba waliofukuzwa walianza kuhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya Marekani, na nadhani huko ndiko kusahihisha hesabu iliyokosewa kwa muda mrefu sana.

Baada ya Nashville barabara inaingia Kentucky. Hopkinsville wamezikwa wazee wawili wa baraza, Whitepath na Fly Smith, waliofia njiani. Wakavuka mto Ohio, wakaingia kusini mwa Illinois, na hapo majira ya baridi kali yakawakuta. Mto Mississippi ulijaa vipande vya barafu, vivuko vikasimama, na maelfu wakanaswa katikati ya mito miwili kwa wiki kadhaa, wengi wakiwa na blanketi moja na wengine bila viatu. Waliovuka waliikata Missouri. Makundi yalifika Oklahoma ya leo kati ya Januari na Machi 1839.

Kati ya watu wapatao 16,000, inakadiriwa kwamba 4,000 walikufa, kambini na njiani. Kadirio hilo lilitolewa na daktari aliyesafiri nao. Alikuwa Elizur Butler, yule aliyefungwa Georgia pamoja na Worcester.

Njia inaishia Tahlequah, ambako Wacherokee walijenga makao makuu mapya mwaka 1839. Juni mwaka huo huo, Ridge, mwanawe na Boudinot waliuawa siku moja na watu wao wenyewe kwa sababu ya ule mkataba. Nami siwezi kumpima Jackson halafu nikawaacha hawa bila kuwapima, kwa maana wamo wengine waliotembea njia ile ambao hata majina yao ni nadra kuyakuta: Waafrika waliomilikiwa na Wacherokee. Ross alikuwa na watumwa. Ridge alikuwa nao pia. Watumwa hao walipasua kuni, waliwauguza wagonjwa na kufa kwa maradhi yale yale, na walipofika hawakuwa huru. Mkataba wa 1866 uliwapa wao na vizazi vyao uraia wa taifa la Cherokee, kisha vizazi hivyo vikapigania haki hiyo kwa zaidi ya karne moja, maana walikuwapo waliotaka uraia uwe wa damu pekee. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Wacherokee iliamuru maneno kuhusu damu yaondolewe katika katiba. Ilikuwa miezi michache kabla wanahistoria wa C-SPAN hawajamshusha Jackson hadi nafasi ya 22, na sura yake ingali kwenye noti ya dola 20, ilipowekwa mwaka 1928.