Listowel: Mji wa Mnada na Maneno

Kaskazini mwa Kerry, kusini-magharibi ya Ayalandi, ukingoni mwa mto Feale, umejengwa mji mdogo uitwao Listowel. Kwa Kiayalandi ni Lios Tuathail, yaani boma la Tuathal. Wakaazi wake ni kiasi cha elfu tano tu.

Katikati pana uwanja wa mraba. Ndani yake limesimama kanisa la zamani la Waprotestanti, ambalo siku hizi ni jumba la sanaa. Pembeni, kanisa la Wakatoliki. Na karibu yake minara miwili iliyosalia ya ngome ya ukoo wa Fitzmaurice. Mwaka 1600 jemadari wa Kiingereza, Charles Wilmot, aliizingira ngome hiyo kwa siku 28 hata ikaanguka. Kisha zikaja karne za siagi na ndama, wakulima wakiteremka kutoka vilimani kuja kubishania bei.

Njaa kuu ya 1845 sithubutu kuipita haraka. Viazi vilioza ardhini, na nafaka na mifugo ya nchi ikaendelea kupakiwa merikebuni. Mafukara wa Listowel waliingizwa katika nyumba ya maskini, na wengi waliokufa walizikwa kwa halaiki mahali paitwapo Teampall Bán. Hapo ndipo lugha nayo ilipojeruhiwa, kwa kuwa njaa iliwaangamiza zaidi wale waliosema Kiayalandi. Aliyekimbilia Marekani alihitaji Kiingereza. Aliyebaki kuuza ng'ombe alikihitaji vilevile.

Mji huu uliwahi pia kuwa na reli ya ajabu. Mhandisi Mfaransa, Charles Lartigue, aliwaona ngamia wa Algeria wakibeba mizigo iliyolingana pande mbili, mfano wa shogi juu ya punda. Akabuni reli ya chuma kimoja kilichoinuliwa, mabehewa yakiipanda na kuning'inia huku na huku. Mwaka 1888 ilifunguliwa kutoka Listowel hadi Ballybunion, pwani, kiasi cha kilomita 14 na nusu. Kila kitu kilipaswa kulingana. Husimuliwa kwamba ng'ombe mmoja akisafirishwa, upande wa pili walipakiwa ndama wawili, nao wakarudishwa mmoja huku na mmoja kule. Vita vya wenyewe kwa wenyewe viliiharibu reli hiyo, faida ikakosekana, ikafungwa 1924. Kipande kifupi kilijengwa upya mwaka 2003.

Nikirudi nyuma kidogo: Juni 1920 askari polisi wa mji huu, Waayalandi waliokuwa wakilipwa na Waingereza, waligoma kutii amri za kuwakandamiza wenzao.

Ya washairi na waandishi ndiyo yaliyonifikisha mimi Listowel, japo kwa vitabu tu. Bryan MacMahon (1909–1998) alikuwa mwalimu wa skuli, John B. Keane (1928–2002) alikuwa na baa, na watu walioingia kunywa walimpa maneno pasi na kujua. Tamthilia yake ya Sive, juu ya msichana anayeozwa mzee kwa fedha, ilikataliwa na ukumbi wa Abbey wa Dublin. Kundi la wasanii wa ridhaa wa Listowel likaiigiza mwaka 1959, likashinda mashindano ya nchi nzima. Kwangu mimi huo ulikuwa mnada mwingine: mji mkuu ulitaja bei, soko la shamba likaikataa.

Kiingereza cha Keane kina mifupa ya Kiayalandi, na hapo ndipo mfasiri anapopata kazi. Kiayalandi hakina neno moja la "ndiyo" wala la "siyo". Anayejibu hurudia kitenzi. Desturi hiyo iliingia hata katika Kiingereza cha Kerry. Mara ya kwanza nilipojaribu kufasiri mazungumzo ya namna hiyo niliandika "ndiyo" kila mahali, na ukurasa mzima ukafa. Nilifuta, nikaanza upya. Umemwuza ng'ombe? Nimemwuza. Bei ilikuridhisha? Haikuniridhisha.