Kutoka Zomba hadi Lilongwe: Historia Fupi ya Bustani za Taifa za Malawi

Mwaka 2025 Lilongwe ilitimiza miaka 50 tangu iwe mji mkuu wa Malawi. Wengine watahesabu majengo. Sisi tuliozoea kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, ambako mama hutembea mbali kutafuta kuni, cha kwanza tunachokiona tukishuka kwenye minibasi mjini ni miti.

Lakini bustani za Lilongwe zina mzee wao, na mzee huyo yuko Zomba. Mwaka 1891 Harry Johnston alikuja kutawala nchi hii kwa niaba ya Uingereza, akaja na mtaalamu wa mimea, Mskoti Alexander Whyte. Chini ya mlima wa Zomba, Whyte alianza kupanda miche na mbegu za kigeni. Tusidhani alikuwa akitengeneza pahali pa kupunga upepo. Bustani za wakoloni zilikuwa mashamba ya majaribio: wenye nchi mpya walitaka kujua zao gani litashika udongo na kulipa. Whyte alipanda pia mlima Mulanje kukusanya mimea, na mwerezi wa huko, ambao wenyeji walikuwa wakiuita mkungudza tangu zamani, ukapewa na wataalamu jina lake: Widdringtonia whytei. Leo ndio mti wa taifa la Malawi. Baadaye mtu huyohuyo alikwenda Uganda kusimamia bustani ya Entebbe, kwa hiyo anayepumzika kando ya Ziwa Victoria na anayepumzika Zomba wako chini ya kivuli chenye asili moja.

Baada ya uhuru wa 1964, Rais Kamuzu Banda alitaka makao makuu yahame Zomba yaje katikati ya nchi. Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka Afrika Kusini kwa mkopo, na mwaka 1975 Lilongwe ikawa mji mkuu. Waliouchora walifuata wazo la Mwingereza Ebenezer Howard la mji-bustani: mitaa ikae mbali mbali, na katikati yake msitu na mito iachwe. Ndiyo maana baina ya Old Town na City Centre, kando ya mto Lingadzi, umebaki msitu wa kweli, ambao fisi wake husikika usiku. Sehemu yake ni kituo cha kutunza wanyama waliookolewa. Mpango huo una lawama zake, nami nazikubali: mji uliotawanyika humfaa mwenye gari, na asiye na nauli huzilipia nafasi hizo kwa miguu yake. Hata hivyo, msitu ukishakatwa haurudishwi kwa amri, na waliouacha walitenda haki.

Mwaka 1987 sheria ya Bunge iliziweka bustani za mimea chini ya taasisi moja ya taifa, yenye makao Zomba na matawi Lilongwe na Mzuzu, pamoja na hazina ya mimea iliyokaushwa ambayo watafiti huitumia kutambua majani na maua ya nchi nzima. Katika bustani ya Lilongwe wapo wanaokuja kusoma, wapo maharusi wanaokuja kupiga picha. Mtoto wa Dzaleka, anayesema Kiswahili nyumbani na Chichewa sokoni, angejifunza mengi kwa miti ya nchi hii, kwa maana mlombwa wa Chichewa ndio mninga wetu, mbawa ni mkangazi, na msuku ni mkusu.

Bustani ya Lilongwe iko kilomita zisizofika 50 kutoka kwetu, lakini kwetu ni mbali. Dzaleka ilikuwa gereza la wapinzani wa Banda, na jina lake lenyewe hutafsiriwa "sitarudia tena". Mwaka 1994 ikafanywa kambi ya wakimbizi, ikapangiwa watu kama 10,000 hivi. Sasa tumepita 50,000, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengine, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini. Kila kipande cha ardhi kimekuwa nyumba ya matofali mabichi au tuta la mahindi. Hakuna aliyetuchorea bustani.

Tunaweza kuianza wenyewe, kwa mti wa msangu. Mti huu hupukutisha majani wakati wa mvua, hivyo hauyanyimi mahindi jua, na wakati wa kiangazi hutoa kivuli. Wakulima wa Malawi wanaujua vizuri. Walimu, viongozi wa dini na wazee wa jumuiya: mvua zikianza Novemba, kila shule na kila nyumba ya ibada ipande angalau mmoja, iuzungushie miba usiliwe na mbuzi, na imtaje kwa jina mtoto atakayeumwagilia maji.