Contra Nakivale: Historia Fupi ya Mchezo wa Kukimbia

Anayeandika historia ya Nakivale kwa kawaida huanza na Wanyarwanda waliopokelewa hapa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha huja Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, kila kundi na vita vyake. Ni sawa aanze hivyo. Hata hivyo, historia ya namna hii huwahesabu watoto wanapoingia na wanapogawiwa chakula, lakini haiulizi walishindaje mchana kutwa. Insha hii inaangalia jambo moja dogo katika mchana huo: mchezo wa video uitwao Contra, uliochezwa na watoto wa rika langu katika makazi ya Nakivale na katika mji wa Mbarara. Hoja yangu ni kwamba mchezo huu ulitufikia ukiwa umevuliwa hadithi yake, nasi tukaupa maana ambayo watengenezaji wake hawakuikusudia.

Contra ulitengenezwa na Konami, kampuni ya Japani. Mwaka 1987 ulitoka kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, na mwaka 1988 ukatolewa kwa mashine ya nyumbani ya Nintendo, inayounganishwa na televisheni. Mchezaji humwona askari wake kwa ubavuni, akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia huku mandhari ikisogea pamoja naye. Skrini hairudi nyuma. Risasi moja inatosha kumwua, naye huanza akiwa na roho tatu tu. Watu wawili wanaweza kucheza pamoja, mmoja amevaa suruali ya buluu na mwingine nyekundu.

Hadithi ya mchezo ilibadilika kulingana na mahali ulipouzwa. Japani, vita vilikuwa vya mwaka 2633 katika visiwa vilivyo karibu na New Zealand. Marekani, kijitabu cha maelezo kilivihamishia katika msitu wa Amazon, katika wakati wetu huu. Ulaya mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi: toleo la nyumbani la mwaka 1990 liliitwa Probotector, na binadamu wakageuzwa kuwa roboti, kwa sababu Ujerumani ilikuwa na masharti makali kuhusu michezo yenye vurugu inayoweza kuwafikia watoto.

Matoleo yote hayo rasmi yalitupita. Kilichotufikia ni nakala. Mashine ya Nintendo iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1983 iliigwa na viwanda vingi vya Asia, hasa China, na mashine hizo za bei nafuu zikasambaa katika nchi ambazo kampuni yenyewe haikuwa na duka. Kaseti zake ziliahidi maelfu ya michezo. Ukikaa ukahesabu, unakuta ni michezo michache inayojirudia. Hazikuja na kijitabu wala onyo kuhusu umri wa mchezaji. Matokeo yake ni jambo ambalo mwanahistoria hana budi kulitafakari: mtoto wa Ulaya, aliyelindwa na sheria, alipigana na roboti. Mtoto aliyetoka Rutshuru, ambaye alikwisha kuona askari halisi, alipigana na watu.

Mimi ni mmoja wa watoto hao. Familia yangu iliingia Uganda kupitia Bunagana mwaka 2012, wakati wa vita vya M23, nikiwa na miaka minane. Nakivale tuliukuta mchezo huu katika kibanda kilichotumia umeme wa sola. Malipo yalihesabiwa kwa roho: zikikwisha, unampisha mwenzako. Wazee hawakupendezwa. Mama mmoja jirani yetu alituuliza, “Mmekimbia bunduki Kongo, sasa mnatoa pesa kuzitazama?” Hatukumjibu, maana kumjibu mkubwa namna hiyo ni utovu wa adabu, lakini swali lake ndilo lililonifanya niandike insha hii.

Ili kulijibu, nilizungumza na wenzangu wa Nakivale, na pia na wanafunzi waliokulia Mbarara. Kumbukumbu zao hazifanani. Waliokulia Mbarara walimkumbuka Rambo. Walikuwa wameona filamu za mapigano katika vibanda vya video, zikitafsiriwa papo hapo na VJ, na kwao Contra ulikuwa filamu ambayo safari hii wao ndio waliishika. Hawakukosea: mchoro wa jalada la mchezo ulifuata sura za Schwarzenegger na Stallone.

Wenzangu wa Nakivale walianza kwingine. Karibu wote walitaja daraja la hatua ya kwanza, linalolipuka kipande kwa kipande chini ya miguu ya anayevuka, na maporomoko ya maji ya hatua ya tatu. Hapo ni lazima nieleze jinsi mchezo unavyokwenda. Katika hatua ya kwanza, anayetangulia hawezi kumwacha mwenzake. Akifika ukingoni mwa skrini hana budi kumsubiri. Kwenye maporomoko mambo hugeuka. Wachezaji wanapanda juu, na aliye juu huivuta skrini. Aliyebaki chini, skrini ikimpita, anakufa, hata kama hakuna aliyempiga risasi. Anauawa na haraka ya mwenzake.

Kibandani kwetu hilo lilizaa desturi. Mkubwa alipocheza na mdogo, mdogo alitangulia kupanda, na mkubwa akafuata nyuma. Aliyekimbilia juu peke yake alizomewa, hata kama alishinda. Kijitabu cha Konami hakikutufundisha hivyo, kwa kuwa hatukuwahi kukiona. Wengi wetu tulikuwa tumetembea usiku na wadogo zetu, tukijua maana ya kumwacha mtu nyuma. Wenzangu wa Mbarara walicheza maporomoko yale yale, lakini hakuna aliyeikumbuka desturi kama hiyo.

Maarifa mengine yalisafiri kwa mdomo. Mtoto mmoja alimfundisha mwingine kubonyeza juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A, ili apate roho 30 badala ya tatu. Fumbo hilo lilibuniwa na Kazuhisa Hashimoto kwa ajili ya mchezo mwingine, Gradius, mwaka 1986, na lilifika Nakivale bila jina lake.

Sidai kwamba Contra ulituponya. Mwenzangu mmoja aliniambia kuwa alicheza tu pale sauti ilipozimwa. Mwingine hakuingia kibandani hata mara moja. Zaidi ya hayo, maadui wa mchezo hawana nyumba wala mama, na mtoto anayezoea kuwatazama watu hivyo anajifunza jambo baya. Jirani yetu alikuwa na haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba hatukuwa tunazitafuta bunduki tu. Tulikuwa tunakimbia tena, safari hii mahali ambapo risasi inaonekana inapokuja, na anayeanguka huinuka.

Lugha yetu inasaidia kuliona hili, kwa kuwa mkimbizi ni mtu anayekimbia. Askari wa Contra hukimbilia vita, mkimbizi huvikimbia. Hapa Uganda yupo aliyetengeneza mchezo wa hiyo mbio ya pili. Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alijifunza programu kwa kompyuta ambayo mama yake aliweka akiba ya dola 300 kwa miaka mitatu ili kuinunua. Mchezo wake unaitwa Salaam, yaani amani. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi anayekwepa hatari za vita, akitafuta maji na chakula, wala hashiki silaha. Mwaka 2018 Mayen alitunukiwa katika tuzo za The Game Awards nchini Marekani. Miaka 31 baada ya Contra, mbio zilikuwa zimegeuzwa uelekeo.

Leo watoto wa Nakivale wanacheza kwenye simu, na mashine zile za kaseti zinatupwa au kufunguliwa ili kutoa vipuri. Kumbukumbu zake hazimo katika ofisi yoyote. Zimo kwa watu wa rika langu, ambao baadhi yao wamehamishiwa nchi za mbali. Napendekeza wanafunzi wa historia waanze kuwahoji sasa, na swali la kwanza lisiwe walishinda mara ngapi. Wawaulize kwenye maporomoko walimtanguliza nani.