Timilifu, si Kamili

Kamati iliyoamua kwamba 33,550,336 iitwe “namba kamili” haikufungua hata kitabu cha hesabu cha shule ya msingi. Humo namba kamili ni jina la ukoo mzima: 7, sifuri, hasi 3. Sasa mwanafunzi aambiwe kuwa 10 ni namba kamili, na akigeuza ukurasa aambiwe si kamili! Niliwaandikia. Nikajibiwa kwamba neno hilo “limeshazoeleka”. Limezoeleka kwa nani?

Jina lake ni timilifu. Jumlisha vigawo vyake vyote, yenyewe ukiiacha kando. Anza na 1, 2, 4, ukizidisha kwa mbili hadi 4,096: umepata 8,191, nayo ni namba tasa. Ongeza hiyo 8,191 na maradufu zake hadi 16,775,168, na hesabu inatua pale pale kwenye 33,550,336, haikupungua wala kuzidi. Euclid alithibitisha kwamba kila jumla ya aina ile ya kwanza ikiwa tasa, huzaa namba ya namna hii. Euler, katika karne ya 18, akaonyesha kwamba zilizo shufwa hazina njia nyingine.

Wapinzani wangu husema kamili na timilifu yote ni Kiarabu, basi ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Wanahisabati walioandika kwa Kiarabu, akiwemo Thabit ibn Qurra wa Baghdad katika karne ya 9, waliziita namba hizi tamm, na mzizi huohuo ndio uliotupa timu, timia, timiza na timilifu. Kisicho na kasoro ni kamili; idadi iliyofikia kiwango chake imetimia. Mwaka hutimu, siku za mwezi hutimia. Mzizi tunao, tena wa fani yenyewe, halafu tunaupita!

Yupo mtaalamu anayedai sarufi imeshalichukua neno, kwa wakati timilifu wa -me-. Nayo imelichukua kwa maana hiyohiyo, ya tendo lililofika mwisho wake. Hakuna darasa litakalochanganya kitenzi na 28.

Kwa matumizi: 28 ni timilifu, 10 ni pungufu, 12 ni ya ziada.

Rasimu ikienda kwa mpigachapa bila kurekebishwa, naomba jina langu liondolewe katika orodha ya walioshauriwa.